Uanagenzi wa friji na viyoyozi hapa Tanga: naanzia chuoni au naanzia kwa fundi?

Mbeba_Friji
Shikamooni wakubwa. Wenzangu, mambo.

Nina miaka 21, nakaa Mabawa kwa shangazi. Kidato cha nne nilimaliza 2022, divisheni foo ya pointi 29, kwa hiyo mambo ya kidato cha tano tuyaache. Mwaka wa pili huu nabeba friji kwenye duka la mitumba Ngamiani. Zikishuka nazisimamisha, nazifuta, nazipanga, fundi akija anazichomeka umeme moja moja. Inayonguruma kidogo halafu ikatulia anaigusa mgongoni kwa kiganja, akitingisha kichwa naipeleka pembeni. Nimekaa naye mpaka nimejua kuzisikiliza. Juzi moja ilikuwa inalia "tak", inanyamaza, baada ya dakika inalia tena. Nikamwambia hiyo si kompresa, ile mota inayosukuma gesi, ni rilei, kile kidude cha kuiwashia. Akacheka. Akafungua, ikawa rilei.

Sasa nataka kusoma nipate cheti. Nimesikia kuna utaratibu wa uanagenzi, muda fulani uko chuoni na muda fulani uko kazini kwa fundi. Nilikwenda chuo cha ufundi, mlinzi akanisomesha ubao wa matangazo, kulikuwa na kozi ya udereva na ya upishi basi. Nikazunguka karakana tatu na barua. Ya kwanza: acha namba. Ya pili: lete kwanza barua ya chuo. Ya tatu mwenyewe sikumkuta. Na jamaa mmoja anayesoma chuoni ananiambia nikitaka uanagenzi niende tayari nina mwajiri. Nimebaki katikati.

La mwisho, kuna bwana mmoja amemwambia shangazi atoe laki na nusu atamwekea "kijana wake" nafasi. Shangazi ameshaanza kuulizia hela yake ya kikoba.

Barua yangu niliandika hivi: "Yah: Maombi ya nafasi ya kujifunza kazi. Tafadhali rejea kichwa cha habari hapo juu. Mimi ni kijana mwenye bidii na mchapakazi, niko tayari kufanya kazi katika mazingira yoyote na muda wowote." Inaendelea hivyo hivyo.

Naombeni mwongozo.

Chumbageni_Kwetu
Mwambie shangazi afunge mkoba leo hii, asisubiri kesho. Chuo cha serikali hulipwi kwa namba ya simu ya mtu. Unapewa namba ya malipo, unakwenda benki au unalipa kwa simu, na risiti inatoka kwa jina la chuo. Huyo bwana mwombe namba ya malipo uone atakavyopotea.

FundiBaridi_Sahare
Mdogo wangu, marahaba. Mimi ni mwanamke, ni fundi wa friji na viyoyozi, na nilipita njia hiyo hiyo, kwa hiyo nivumilie nitaandika kirefu.

Kwanza hilo la katikati ulipobaki. Kila anayeanza hubaki hapo. Unachotafuta kwa fundi sasa hivi ni neno tu, karatasi itafuata: "ukipata chuo, njoo." Ukishalipata hilo neno unarudi chuoni, na mlinzi unamsalimia unapita. Ulizia ofisi inayoshughulikia mafunzo kazini. Nenda katikati ya wiki, asubuhi, vipindi vikishaanza, maana Jumatatu hakuna atakayekusikiliza. Waulize kama fani yako ina uanagenzi mwaka huu au ina kozi ya kawaida yenye fildi, kwa sababu si kila chuo kinatoa uanagenzi kwa kila fani. Ikiwa ipo ya kawaida tu, usisuse. Vyeti vya VETA, mamlaka ya mafunzo ya ufundi, vinapanda ngazi ya kwanza mpaka ya tatu, na fani nyingi zinampokea hata aliyeishia la saba, hivyo hiyo foo yako isikutie unyonge. Kozi ndefu kwa kawaida huanza Januari, na fomu hutoka miezi kadhaa kabla. Weka tayari cheti cha kuzaliwa, cha kidato cha nne, namba ya NIDA, barua ya mtendaji wa mtaa na picha ndogo. Watu wengi hukosa nafasi kwa sababu mtendaji alikuwa safarini.

Uanagenzi wenyewe una mkataba, na wanaoufunga ni watatu: wewe, mwajiri na chuo. Usome. Posho imeandikwa humo au haikuandikwa? Wengine hutoa nauli na chakula cha mchana tu, na hiyo si dhambi, ilimradi umejua mapema. Muulize pia mwajiri kama anachangia Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi. Hapa unacheza na umeme, moto na gesi. Usione haya kuuliza.

Sasa kitu ambacho mimi sikuambiwa. Karakana yangu ya kwanza, siitaji, nilikaa miezi miwili nikifagia na kufuata chai na chapati. Kitabu cha kumbukumbu za kazi kilikuwa kinasainiwa wiki nne kwa mkupuo, kalamu ile ile, "amejifunza kuunga mabomba". Mwalimu wa chuo akaja kunikagua. Akasoma kitabu, akafurahi, akaniwekea mezani vipande viwili vya bomba la shaba: haya, unga. Nikachoma upande mmoja mpaka ukawa mwekundu, mwingine ungali wa baridi, fimbo ya kuungia ikadondoka matone matone kama nta. Tukatia presha, nikapaka povu la sabuni kwenye kiungo, likachemka kama sufuria ya maharage. Yule mzee hakunigombeza. Alifunga kitabu akaniuliza, "Chai ulikuwa unaweka sukari ngapi?" Mpaka leo nikikumbuka masikio yanapata moto.

Nikaomba nihamishwe. Tangu hapo nina swali moja ninalomwambia kila anayetafuta pa kujifunzia fani hii: ingia karakanani, tazama kama kuna pampu ya vakyumu, ile ya kunyonya hewa na unyevu wote kabla ya kujaza gesi, kisha tazama kama ina vumbi. Fundi asiye na pampu, au aliyeigeuza ya kutundikia nguo, atakufundisha kupulizia gesi kidogo ili isukume hewa nje, halafu anajaza. Unyevu unabaki ndani. Friji inapoa vizuri siku mbili tatu, baadaye yale maji yanaganda mwishoni mwa kile kibomba chembamba, gesi haipiti, mteja anarudi analalamika "gesi yenu feki". Gesi haina kosa. Ukijifunza hivyo miezi sita, unatoka na cheti cha kurudiwa na wateja.

Na hizo friji unazobeba, kama mgongoni au kwenye kompresa kuna kibandiko cha R600a, jua ndani kuna gesi inayoshika moto. Ni kidogo, friji ya nyumbani haizidi gramu 150, lakini humo ndani hapawashwi moto wa kuungia mabomba ikiwa gesi haijatolewa yote. Ukimwona fundi anawasha huku anasema "iko kidogo hii", wewe toka nje hata kama ndiye mwajiri wako.

Usitafute karakana za barabarani peke yake. Tanga ni mji wa baridi jamani, ila baridi yake iko ndani ya masanduku. Wauza samaki wa Deep Sea wana majokofu yasiyolala. Hoteli za Raskazone zina viyoyozi, na chumvi ya bahari inakula mapezi yake kila mwaka. Kiwanda cha Tanga Fresh kinafanya kazi na maziwa, na maziwa bila kupozwa ni hasara, mpaka kwenye vituo vya kukusanyia kuna matangi ya kupozea. Kila penye hivyo kuna fundi, na fundi huyo mara nyingi hana msaidizi wa maana.

Barua. Hiyo yako ichane. Mwenye karakana amesoma "mchapakazi, mazingira yoyote" mara mia, na barua ya machinga na ya mpishi zinasema hayo hayo. Andika lile la rilei. Ulivyolieleza hapo juu ndivyo ulieleze, lile "tak", kunyamaza, dakika, "tak" tena. Sema umebeba na kusikiliza friji miaka miwili, sema unataka kusoma chuo mwezi gani, sema unaomba nini: siku ngapi kwa wiki. Nusu ukurasa. Halafu usiiache mapokezi. Nenda saa kumi na moja jioni, fundi ananawa mikono, ndiyo saa anayoongea.

Babu_Gredi_Wani
Nimesoma yote. Binti yangu wa Sahare kasema kweli juu ya pampu, ila mimi nina neno. Kijana ana fundi tayari, huyo wa dukani. Sisi tulijifunza kwa kushika taa. Mwaka mzima unamshikia fundi taa, siku ukishika vibaya anakuzaba kofi, siku ya siku anakwambia "haya, shika spana, nikushikie mimi." Baadaye nikafanya jaribio la ufundi mpaka gredi wani. Siku hizi VETA wana utaratibu wa kutambua ujuzi wa mtu aliyejifunzia mtaani: wanakupima kwa vitendo, ukiweza wanakupa cheti. Kwa nini akakae darasani na nauli hana?

FundiBaridi_Sahare
Babu, shikamoo. Utaratibu huo upo na ni mzuri, nimewapeleka huko mafundi wawili watu wazima, mmoja ana wajukuu. Lakini unampima mtu ambaye mkono umeshajua. Huyu sikio analo, mkono bado. Hajawahi kuunga bomba hata moja, na huyo fundi wa dukani anakuja kujaribu friji, akimaliza anapanda pikipiki anaondoka. Atamshikia taa saa ngapi?

Babu_Gredi_Wani
Marahaba. Hapo umenikamata. Basi na aende, ila akiwa likizo asiache kumfuata yule wa dukani. Anayeigusa friji mgongoni akajua, huyo si wa kuachwa.

Mbeba_Friji
Wakubwa, asanteni sana. Naleta mrejesho.

Yule bwana wa laki na nusu nilimwomba namba ya malipo. Akasema mtandao unasumbua. Sasa ni siku ya nne mtandao unasumbua. Shangazi hela karudisha kikoba, ila ananinunia kidogo, anasema nimemwaibisha mtu aliyetaka kutusaidia.

Chuoni nilipita getini. Dada wa ofisini kaniandikia tarehe ya fomu nyuma ya risiti ya mtu, kasema uanagenzi kwa fani hii wanaangalia kwanza idadi ya waajiri, kwa hiyo nikipata mwajiri nitasaidia hata wenzangu.

Barua niliandika upya mara tatu. Jana jioni nikaenda kwa fundi mmoja anayehudumia majokofu ya samaki. Alikuwa ananawa kweli. Akasoma kasimama, maji yanamchuruzika, karatasi ikalowa pembeni. Akaniuliza, "Rilei ulijuaje?" Nikamweleza. Akaniita ndani, akawasha jokofu moja, akaniambia sikiliza. Nikasikiliza. Nikasema sijui. Akasema, "Hata mimi sijui, lina wiki." Pampu anayo, haina vumbi, ila mafuta yake meusi.

Kasema nije Jumatatu na viatu vya kufunika vidole, tuone. Mimi nina kandambili na raba moja ya kanisani.

FundiBaridi_Sahare
Mafuta meusi ni ya kubadilisha, mwambie wewe mwenyewe Jumatatu, kwa adabu. Raba ya kanisani usiiguse. Nenda mitumbani utafute buti, vaa na soksi ndipo ujaribu, na ukague soli isiwe imepasuka, pale kwa wauza samaki sakafu ni maji siku nzima na wewe unashika umeme.