Ramani za mawazo darasani: Coggle, MindMeister au MindMup?

MwlSayansi: Wakuu, habari za majukumu. Nafundisha Sayansi shule ya msingi, nataka kutumia ramani za mawazo za mtandaoni (michoro yenye wazo kuu katikati na matawi ya mawazo mengine). Mwalimu mkuu yuko tayari kulipia, anataka jina la programu Ijumaa. Nichukue ipi?

ChakiNyeupe: Mwalimu, mbona hujasema kitu? Darasa la ngapi? Kompyuta ngapi? Intaneti ya shule au bando lako?

MwlSayansi: Darasa la nne, watoto 62. Laptopu moja na projekta. Bando langu.

BintiPwani: Basi msilipe. MindMup unafungua na kuanza, haidai akaunti. MindMeister ya bure inaishia ramani chache tu. Coggle lazima uingie kwa akaunti kama ya Google, na watoto wa umri huo hawaruhusiwi kujifungulia wenyewe.

MzeeWaBango: Mimi yalinikuta, na jina la programu silitaji. Tulikuwa tunapanga makundi ya wanyama. Popo tukamweka kwenye tawi la ndege, mtoto mmoja akasimama: "Mwalimu, popo ananyonyesha!" Darasa zima likabishana, tukamvuta popo hadi kwa mamalia na matawi yakajipanga upya. Somo zuri sana. Mara mtandao ukakata. Uliporudi, ramani ilikuwa tupu. Watoto hawakuwa wamenakili chochote kwa sababu niliwaambia nitawachapishia. Tangu siku hiyo ni bangokitita na maka peni tu.

BintiPwani: Pole, mwalimu. Lakini kwenye bangokitita popo ungemhamishaje bila kuchafua karatasi?

MzeeWaBango: Vikadi vya manila na gundi ya karatasi. Tena mtoto anainuka kumbandika mwenyewe. Kwenye projekta anayegusa ni mwalimu peke yake, wote 62 wanatazama.

ChakiNyeupe: Hapo nakuunga mkono. Ila kuna Freeplane: ya bure, haihitaji intaneti, ramani inabaki kwenye laptopu. Inataka Java tu, yaani programu saidizi ya kuiendesha.

Kibatari: Shule yako ni ya Kiswahili au mchepuo wa Kiingereza? Kivinjari changu kinapigia kila neno la Kiswahili mstari mwekundu, watoto wanadhani wamekosea. Zima kikagua tahajia kwanza.

MwlSayansi: Ya Kiswahili. Asanteni. Freeplane naijaribu leo, ingawa mwalimu mkuu alitaka ya mtandaoni.

Kibatari: Kwani umeme hapo shuleni upo siku zote?

MzeeWaBango: Na hiyo projekta mliipata bei gani? Sisi yetu taa imeungua.