Oktoba Boston na milima ya New Hampshire: nipange vipi nisikose majani?

MwalimuBuruburu

Hamjambo nyote. Nilifundisha biolojia kwa miaka 31 katika shule tatu, zote za hapa Nairobi. Kila mwaka tukifika mada ya usanisinuru, nilikuwa nawaonyesha wanafunzi picha moja kitabuni: mti wenye majani mekundu kama makaa, na chini yake maelezo kwamba klorofili, ile rangi ya kijani ya jani, ikiisha, rangi nyingine hujitokeza. Picha yenyewe ilikuwa ndogo kama stampu, na kwenye nakala zilizochakaa ule wekundu ulishageuka kahawia. Msichana mmoja wa kidato cha pili aliwahi kuniuliza, "Mwalimu, wewe umeuona huo mti?" Nikamwambia ukweli kwamba sijauona.

Sasa nimestaafu. Kijana wangu ni muuguzi huko Lowell, Massachusetts, na amenikatia tikiti. Viza ninayo. Nafika tarehe 2 Oktoba na naondoka tarehe 17. Huku kwetu Oktoba tunangoja mvua za vuli na mijakaranda inajaza zambarau barabarani, kwa hivyo hata neno "vuli" watu wakilitumia kwa majira ya kule, majani yanapogeuka rangi kabla ya kuanguka, mimi nasikia mvua. Sina mazoea yoyote ya majira hayo, ndiyo maana nauliza.

Binti ya dada yangu anasema nikae Boston siku zote, eti bustani za mjini zinatosha. Kijana anataka tuende milima ya New Hampshire, lakini ana siku nne tu za likizo na anafikiria kuzichukua wikendi ile ndefu ya Oktoba. Nimesoma mahali kuwa majani hukolea mwanzoni mwa Oktoba, kwingine nikasoma mwishoni. Nani mkweli? Goti langu la kushoto ni bovu, kwa hivyo kupanda mlima kwa miguu sahau. Kutembea kilomita moja au mbili tambarare naweza.

Jambo la mwisho, na kwangu ndilo kubwa: nataka kuwaletea watoto wa shule niliyostaafia majani yenyewe, niyakaushe ndani ya kitabu. Wanipokee nikiwa na kitu mkononi.

Mkazi_wa_Lowell

Karibu sana Mwalimu. Huu ni mwaka wangu wa kumi na mbili hapa Lowell. Upweke usikutie hofu, Wakenya ni wengi mji huu, na Jumapili utasikia Kiswahili na Kikuyu kanisani.

Wote uliowasoma ni wakweli, ila kila mmoja anazungumzia mahali pake. Rangi huanzia kaskazini na juu milimani, halafu huteremka kusini na pwani, vile Limuru watu huvaa masweta wakati Buruburu bado mko na mashati. Kaskazini kabisa mwa Vermont, New Hampshire na Maine huanza kukolea mwisho wa Septemba. Milima ya White Mountains, ndiyo hiyo ya New Hampshire anayoitaka kijana, ni wiki mbili za kwanza za Oktoba. Magharibi mwa Massachusetts ni katikati ya mwezi. Boston penyewe, kwa sababu ya bahari na joto la mji, ni mwisho wa Oktoba hadi kuingia Novemba. Kwa tarehe zako, panda kaskazini kwanza kisha rudi Boston mwishoni. Ukigeuza mpangilio, utakosa kote kuwili.

Kutoka hapa mnashika barabara ya I-93 hadi Lincoln. Kutoka Boston ni kilomita 210 hivi, yaani zaidi ya Nairobi hadi Nakuru, lakini ni mwendo wa saa mbili na kidogo. Lincoln ndipo inapoanza Kancamagus, barabara ya kilomita 55 inayokatiza msituni hadi Conway. Njia nzima hakuna kituo cha mafuta, basi jazeni tangi Lincoln. Msiende kama watu wanaowahi ndege. Kuna sehemu za kuegesha kando ya mto na penye mandhari, na baadhi yake hulipiwa kwa siku. Goti lako litakuruhusu kufika korongo la Rocky Gorge, na daraja la mbao lenye paa la Albany, lililojengwa 1858, liko hapo hapo kando ya barabara. Flume Gorge ni pazuri lakini pana ngazi nyingi, iache. Ukifika North Conway kuna treni ya kitalii: unakaa dirishani, msitu unapita wenyewe. Kwako wewe hiyo ndiyo siku bora kuliko zote.

Utauona pia Mlima Washington. Kilele chake ni mita 1,917, juu ya Nairobi kwa mita mia moja na kitu tu, na chini ya Limuru. Lakini mwaka 1934 upepo wa kilomita 372 kwa saa ulipimwa pale, na Oktoba theluji huweza kuanguka juu huku bondeni majani yakiwa mekundu. Miaka yote hii bado huwa nasimama kuutazama.

Vermont iacheni safari hii. Siku nne haziwezi kubeba majimbo yote.

Mama_Kahawa_West

Mwalimu, nisikilize mimi niliyekosea ili usikosee. Mwaka juzi wakala mmoja wa hapa mjini alituuzia, mimi na mume wangu, safari ya "rangi za Boston", tarehe 1 hadi 7 Oktoba, hoteli katikati ya mji. Tulikuta miti ya kijani. Kijani kabisa, kama msitu wa Karura. Mti mmoja hapa, tawi moja pale limeanza wekundu, basi. Nililia hotelini, sioni haya kusema, maana ile pesa tuliiweka akiba miaka mitatu. Kwa hivyo binti ya dada yako anakupenda, lakini kwa tarehe hizo ushauri wake haufai.

La pili ni hiyo wikendi ndefu. Jumatatu ya pili ya Oktoba ni sikukuu, na kila mwenye gari huko huelekea milimani. Vyumba hupanda bei na barabara hujaa, magari yanatambaa. Kijana achukue Jumatatu hadi Alhamisi kabla ya wikendi hiyo. Akiwa muuguzi wa zamu, huenda hata wenzake wakafurahi kubadilishana naye, kwa kuwa wao wanaitaka wikendi.

Koti usinunue kule. Nenda soko la Gikomba asubuhi na mapema siku wanayofungua mitumba mipya, tafuta koti lisilopitisha upepo, na sweta mbili nyembamba za kuvaa chini yake. Mchana huwa nyuzi 15 au 18, lakini alfajiri milimani inakaribia sifuri. Viatu viwe vya kushika ardhi, kwa sababu majani yaliyolowa yanateleza kama sabuni, na wewe una goti.

MwalimuBuruburu

Mungu awabariki. Mama Kahawa, pole sana kwa yaliyokupata. Nimempigia kijana sasa hivi, anaenda kuomba zamu ibadilishwe.

Nimesoma zaidi jana usiku na nimegundua kitabu chetu kilisema nusu ya ukweli, nami nikaifundisha hiyo nusu miaka yote. Manjano na rangi ya chungwa kweli zilikuwemo ndani ya jani tangu mwanzo, ni karotenoidi, zimefunikwa na klorofili. Lakini wekundu wa mti wa mepo, ule wenye jani la bendera ya Kanada, hautoki mafichoni. Mti huutengeneza upya majira hayo hayo, kwa sukari iliyobaki ndani ya jani. Mchana wa jua na usiku wa baridi isiyofikia kugandisha ndivyo huufanya ukolee. Jani linalokaribia kuanguka bado linafanya kazi! Natamani kuwaita wanafunzi wangu wote nirudie lile somo.

Maswali mawili yamebaki. Kijana alipata leseni juzi tu, je, barabara hizo ni za kuogopa? Na siku zangu za mwisho Boston niende wapi hasa?

Dereva_Kinoo

Niliendesha gari kule miaka miwili kabla ya kurudi nyumbani. Barabara ni nzuri, mwambie kijana asiogope. Azingatie haya: basi la shule la manjano likiwasha taa nyekundu, asimame, hata kama anatoka upande wa pili. Jioni kule milimani apunguze mwendo kwa ajili ya moose, mnyama wa jamii ya kulungu, mrefu kushinda farasi. Miguu yake ni mirefu kiasi kwamba taa za gari hupita chini ya mwili wake, unamwona akiwa tayari mbele ya kioo. Katikati ya Oktoba jua linazama kama saa kumi na mbili jioni, sawa na huku, lakini giza la msituni ni giza kweli. Wawe wameshafika walikolala kabla ya hapo.

Mkazi_wa_Lowell

Boston: treni ya kutoka Lowell hadi North Station huchukua dakika 45 hivi. Siku ya kwanza ipe Arnold Arboretum. Ni bustani ya miti ya Chuo Kikuu cha Harvard, ilianzishwa 1872, hakuna kiingilio, na miti ina vibao vya majina ya kisayansi. Mwalimu wa biolojia atashinda hapo hadi afukuzwe na giza. Wana mepo za Asia na za Marekani karibu karibu. Shuka Forest Hills, mwisho wa laini ya rangi ya chungwa ya treni za mjini.

Siku ya pili ni Mount Auburn, Cambridge. Nakwambia mapema kuwa ni makaburi, maana najua sisi hatutembei makaburini kwa starehe. Hata mimi nilikataa miaka minne. Lakini pale pamepandwa kama bustani tangu 1831, watu huenda kutazama ndege na miti, kimya kimya, kwa heshima. Ukisikia moyo umekataa, usiende.

Na pitia Boylston Street uone mstari wa kumalizia mbio za marathoni, umechorwa barabarani mwaka mzima. Ibrahim Hussein aliuvuka wa kwanza mwaka 1988, Mwafrika wa kwanza kushinda hapo, na Catherine Ndereba aliuvuka mshindi mara nne. Mimi hunyamaza kidogo nikifika pale.

Maua_Naivasha

Nafanya kazi ya kusafirisha maua, nijibu lile la majani. Mwalimu, usiyatie tu kwenye begi. Mimea inayoingia nchini inasimamiwa na KEPHIS, shirika la serikali la ukaguzi wa mimea, na kibali huombwa kabla ya kusafiri. Mbegu ndiyo kabisa usiguse. Uliza ofisini kwao kwanza, ama uyaache huko.

Nina wazo lingine. Wewe utakuwa kule siku 15 tu, na jani moja lililokauka litawaonyesha watoto mwisho wa safari tu, tena rangi yake hufifia. Mwambie kijana achague mti mmoja, aupige picha kila Jumapili kuanzia katikati ya Septemba hadi ubaki matawi matupu. Asimame pale pale, saa ile ile. Wapatie watoto picha hizo kwa mfuatano.

MwalimuBuruburu

Maua, umenipa somo zima la vipindi viwili.

Zamu imebadilishwa. Tutaondoka Lowell Jumatatu alfajiri, tulale Lincoln usiku mmoja na North Conway usiku wa pili na wa tatu, treni iwe Jumatano. Alhamisi tunarudi. Arnold Arboretum nimeitengea siku mbili, samahani Boylston itabidi ingoje alasiri ya siku ya mwisho. Makaburini bado nafikiria.

Mti kijana ameshauchagua, uko mkabala na kituo cha basi anachoshukia kazini. Ameniambia hajawahi kuuangalia vizuri siku zote hizo. Picha ya kwanza imeingia leo asubuhi: wote kijani, isipokuwa tawi moja la juu upande wa kulia, lina majani matatu mekundu. Nimeikuza hadi nikayahesabu.