Mashine inawaka, inachapa, halafu naambiwa imekufa

Mama Kopi, Mwanjelwa

Habari za jioni wakuu. Nina steshenari ndogo hapa Mwanjelwa, Mbeya. Chumba kimoja, kaunta, mashine ya kopi, ya kulaminishi na kompyuta tatu. Naandika nikiwa na hasira, kwa hiyo nikirefusha mtanivumilia.

Ya kwanza ni ya mezani, Core 2 Duo yenye Windows 7. Nilikuwa karani kwenye ofisi moja, ofisi ikafungwa, hela ya kutulipa haikutosha, kila mtu akachukua kitu. Wenzangu walichukua viti. Mimi nilichukua kompyuta na printa yake, na hizo mbili zimesomesha watoto wangu wawili. Ina kaugonjwa kake tu, kila asubuhi inataka nibonyeze F1 ndiyo iendelee. Nimezoea, ni kama mtu mzima anayekohoa akiamka. Ya pili ni laptopu, HP EliteBook 840 G3 yenye Windows 10, niliifuata Kariakoo kwa laki nne na nusu. Muuzaji aliniambia, "Core i5 hiyo mama, utamwachia mjukuu." Ya tatu ni ya binti yangu, hiyo tuiache.

Sasa hasira. Kuna programu ya stoo na risiti niliuziwa na kampuni fulani, nalipia kwa mwaka. Mwezi uliopita kikaja kidirisha, toleo jipya, bonyeza kukubali. Nikabonyeza. Kesho yake kompyuta ya mezani inaniandikia kwamba mfumo wangu "hauungwi mkono", utadhani nagombea udiwani. Nikapiga simu. Kijana aliyepokea ana adabu, simsemi vibaya, ila aliniambia, "Mama, hiyo mashine ilishakufa." Nikamuuliza imekufaje na feni yake naisikia hapa? Akasema, "Kwetu sisi imekufa." Nimelipia hadi Desemba.

Wiki hiyohiyo akaja kijana wa kuomba chuo. Tovuti ikakataa kufunguka, ikasema muunganisho si salama. Akasubiri kidogo kwa heshima, kisha akaenda kwa jirani. Elfu tatu si kitu, lakini vijana wa kuomba chuo hawatembei peke yao. Aliyemhudumia mmoja kawapata watano.

Nikasema basi laptopu nayo isije ikanifanyia hivyo. Nikampa kijana wa mtaani aipige Windows 11. Alileta flashi yake, akakesha nayo, asubuhi ilikuwa inavuma kama mashine ya kusaga na printa haiioni kabisa. Akairudisha Windows 10. Kadi za kipaimara za usharika mzima nilizokuwa nimetengeneza kwa Publisher, ile programu ya kupangia kadi, na kuziweka humo kwenye laptopu, zikaenda na maji. Nilizirudia kuanzia saa mbili usiku hadi alfajiri.

Swali langu si "ninunue ipi". Nataka mtu anieleze taratibu kitu gani hasa kimekufa hapa, na kipi naambiwa kimekufa ili nifungue pochi.

Kijana wa Tunduma

Mama dunia inakwenda. Uza hizo kama chuma chakavu uvute mashine mpya, utasahau habari ya F1.

Mama Kopi, Mwanjelwa

Nitumie hela mwanangu, namba ni hii ninayotumia hapa.

Fundi wa Kabwe

Shikamoo mama. Mimi ni fundi, nakaa Kabwe, kwa hiyo ni jirani yako. Nakujibu kwa mafungu maana una magonjwa matatu na umeyaita jina moja.

Laptopu kwanza. Windows 10 haikuzimwa. Oktoba 14, 2025 ndiyo siku Microsoft waliyoacha kutoa viraka vya bure, yaani marekebisho ya kuziba matundu ambayo wezi wa mtandaoni hupitia. Itawaka kesho, itawaka mwakani. Kinachotokea ni kwamba tundu jipya likigundulika, Windows 11 inazibwa, yako inabaki wazi. Na wezi wanasoma kile kiraka cha 11 ili wajue tundu lilikuwa wapi, halafu wanakwenda kulijaribu kwenye 10. Kwa hiyo hatari yake haiji siku moja, inapanda polepole kila mwezi. Usiifanyie mambo ya benki.

Kwa nini haipandi 11: wanataka chipu ya TPM 2.0, ambayo kazi yake ni kutunza funguo za siri, wanataka Secure Boot, yaani ulinzi wa wakati mashine inawaka, na wanataka prosesa (ule ubongo wa kompyuta) iliyo kwenye orodha yao. Kwa Intel orodha hiyo inaanza kizazi cha 8, ukiacha chache sana za nyuma. Angalia yako, utakuta i5-6200U au i5-6300U. Tarakimu ya kwanza baada ya kistari ndiyo kizazi, yaani 6. Aliyekuuzia hakukudanganya, ni Core i5 kweli. Alinyamaza tu kizazi, na wauzaji wengi wananyamaza hapohapo. 840 G5 nyingi ndizo za kizazi cha 8, na kwa asiyezijua zinafanana na yako kama kulwa na doto.

Kuna nafasi ya kupumua. Kuna mpango wa viraka vya ziada kwa Windows 10 toleo la 22H2, unafika Oktoba 13, 2026. Kwa mtu wa nyumbani ni dola 30, au bure ukiingia na akaunti ya Microsoft na kukubali mipangilio yako ihifadhiwe kwao. Kwa ofisi bei ni nyingine, dola 61 kwa mashine mwaka wa kwanza, mwaka wa pili inakuwa maradufu, na wa tatu inakuwa maradufu tena. Laptopu hiyo si naona binti naye anaitumia kwa masomo? Basi.

Printa. Nahisi dereva yake, yaani programu ndogo inayoiunganisha na kompyuta, ni ya biti 32, mtindo wa zamani. Windows 11 haina kabisa toleo la biti 32, ni 64 tupu. Ndiyo maana haikuiona, si kosa la waya. Kijana wako alikosea kutokuuliza kabla.

Na hiyo Core 2 Duo, asikudanganye mtu kwamba ana flashi ya kuipandisha. Zamani waliweza kuruka ukaguzi. Kuanzia toleo la Windows 11 liitwalo 24H2, mfumo unatumia amri iitwayo POPCNT ambayo prosesa hiyo haikuumbwa nayo. Haitawaka, hata uibembeleze.

Mwalimu wa Baridi, Njombe

Fundi umeeleza vizuri ila umeiruka F1.

Mama, kompyuta inayotaka F1 kila asubuhi mara nyingi betri yake ya saa imeisha. Ni kile kidude cha mviringo kama sarafu kwenye ubao, kimeandikwa CR2032. Ukizima umeme ukutani, saa inasahau, inarudi tarehe ya miaka ya nyuma kabisa. Sasa tovuti salama zina vyeti vyenye tarehe ya kuanza na ya kuisha. Kompyuta ikiamini tuko mwaka 2009, inaona cheti cha tovuti bado hakijazaliwa, inagoma. "Muunganisho si salama." Hebu angalia pale chini kulia panasemaje.

Nilisumbuka na hili kwenye maabara yetu ya shule mwaka mzima. Tuna kompyuta za msaada, baridi ya huku ikiongezeka na umeme kukatika, kila Jumatatu kumi na mbili zinalia F1. Nilishalaumu intaneti, nikalaumu mnara, nikabaki kidogo nimlaumu mkuu wa shule.

Mama Kopi, Mwanjelwa

Panasema Januari 1, 2009.

Mwalimu, miaka yote hii mimi huwa naona kile kitarehe na kusema ni kompyuta ya zamani, ina mambo yake ya zamani.

Pembejeo Ubaruku

Kamwene wote. Mimi ni Mhehe ila biashara iko Mbarali, duka la mbolea na madawa ya mpunga. Nina mashine ya Windows 7 inayotoa orodha ya stoo, na nimeichomoa intaneti tangu 2020, mwaka ambao viraka vyake vilikoma, Januari 14. Haijui virusi wala habari za dunia. Waya wa mtandao nimeuzungushia selotepu nyekundu ili vijana wa dukani wasijitie ujuzi. Hatari inapita mtandaoni na kwenye flashi. Flashi kwangu haziingii, mteja akija nayo namwambia nenda steshenari, kwa kina Mama Kopi. (Samahani mama.)

Kuhusu hao wa programu ya risiti: usigombane habari ya nani kafa. Dai vitu viwili. Faili ya kusakinishia toleo lililokuwa linafanya kazi, na data zako zitoke kwenye jedwali unaloweza kulifungua bila wao. Umelipia hadi Desemba, basi toleo la zamani ni lako hadi Desemba. Piga simu, usikate.

Kijana wa Tunduma

Mimi bado nasema mnapoteza muda. Ila hiyo ya saa sikuijua.

Mama Kopi, Mwanjelwa

Ndaga fijo. Nimerudi na majibu.

Betri nimenunua elfu mbili hapa sokoni, kwa mtu wa saa. Nimefungua boksi mwenyewe kwa bisibisi ya cherehani. Vumbi lililotoka humo ungeweza kupanda mahindi. Asubuhi imewaka moja kwa moja bila F1, na nakiri nilibaki nimesimama nikiisubiri ikohoe.

Tovuti ya chuo imefunguka! Lakini nyingine moja imekataa bado, inasema kivinjari changu cha zamani.

Kampuni: nilifuata maneno ya Ubaruku, sikukata simu. Dakika arobaini. Walinipitisha kwa watu watatu, wa mwisho akasema, "Mama, toleo la nyuma tunalo, ila hatulitangazi." Amenitumia. Risiti zinatoka. Sikumshukuru sana, Mungu anisamehe.

Fundi wa Kabwe

Hiyo tovuti iliyokataa sasa ndiyo kifo chenyewe, mama. Kivinjari cha Chrome kiliishia namba 109 kwa Windows 7, mapema 2023. Tovuti zikitengenezwa kwa vitu vipya, 109 haivielewi. Betri haiwezi kusaidia hapo. Ushauri wangu: mezani ibaki na printa na risiti, waya wa mtandao utoke kama kwa Ubaruku. Mambo ya tovuti yahamie kwenye laptopu.

Na flashi za wateja zisiingie kwenye ile ya mezani kabisa. Kwenye steshenari, flashi ya mwanafunzi ni kama mlango wa daladala, hujui nani kaushika.

Mama Kopi, Mwanjelwa

Mteja akileta kazi ya kuchapa kwa flashi nifanyeje, niisome kwa macho?

Mwalimu wa Baridi, Njombe

Hapo ndipo Linux inaingia, mfumo wa bure unaokaa mahali pa Windows. Sisi tuliweka Linux Mint kwenye zile kumi na mbili, zina RAM ya gigabaiti 4, na zinatembea. Haidai kizazi cha prosesa wala TPM. Unaweza kuijaribu laptopu yako ikiwashwa kutoka kwenye flashi, bila kufuta kitu. Flashi za wateja zifungulie humo, geuza kazi kuwa PDF, kisha PDF peke yake ndiyo ipelekwe kwa mzee wa printa, ile ya mezani, kwa flashi yako mwenyewe isiyotoka dukani. Si kinga ya asilimia mia, ila ni bora kuliko kuchomeka kila kinacholetwa.

Nakuambia na ubaya wake. LibreOffice, programu ya bure inayotumika badala ya Word, inafungua faili za Word, lakini majedwali yanahama. Ripoti za wanafunzi wetu wa kidato cha pili zilitoka na wastani umeangukia safu ya tabia. Mzazi mmoja akaja kuuliza kwa nini mwanawe amepata 47 ya unadhifu.

Mama Kopi, Mwanjelwa

Nimecheka hadi mteja kageuka. Na kadi zangu za Publisher je?

Fundi wa Kabwe

Nilikuwa sitaki kuwa mimi wa kukwambia. Publisher yenyewe Microsoft wametangaza inaondoka Oktoba 2026. Wanaoilipia kwa mwezi hawataweza hata kufungua faili zao humo. Iliyosakinishwa kwa leseni ya kununua mara moja itaendelea kufunguka, ila bila matunzo. Yako ni ipi?

Mama Kopi, Mwanjelwa

Yangu ni ile iliyokuja na kompyuta kutoka ofisini. Ya 2007.

Hiyo habari imeniuma kuliko zote. Windows sikuichagua mimi, niliikuta. Publisher nilijifundisha mwenyewe, usiku, watoto wamelala, nikiwa sijui hata neno "leya". Nina kadi za harusi humo za watu ambao sasa watoto wao wanabatizwa, na wanakuja kuniambia, "Mama, tutengenezee kama ile yetu." Faili zaidi ya mia nne.

Mwalimu wa Baridi, Njombe

LibreOffice Draw inafungua faili za Publisher. Si zote, na fonti zitakuchezea shere. Anza sasa, wakati mzee bado anawaka. Kila kadi itoe PDF ya kuchapa, na ile ya .pub uitunze sehemu mbili. Usingoje Oktoba.

Mama Kopi, Mwanjelwa

Mia nne. Nikifanya kumi kila usiku ni siku arobaini, kama kesha la msiba.

Fundi wa Kabwe, Jumamosi saa nne naleta laptopu kwako uijaribu hiyo Mint kwa flashi. Ile ya mezani siileti, haijawahi kupanda bajaji na sitaki ianze leo. Njoo na hiyo selotepu nyekundu.