Vanuatu na Samoa: nani anaijenga kriketi ya kisiwa sawasawa?

Kisiki cha Kati (mleta mada)
Wakuu, salaam. Aprili 2024 kule Abu Dhabi, kwenye mchujo wa Kombe la Dunia la T20 (kriketi fupi ya ova 20 kila upande) la wanawake, Vanuatu waliwatoa Zimbabwe wote kwa mikimbio (alama) 61, wakashinda kwa wiketi 6, yaani wapigaji wao 6 walikuwa bado hawajatolewa. Nchi ya watu laki 3 hivi, visiwa zaidi ya 80, na pesa za maandalizi walipitisha bakuli mtandaoni. Uti wa mgongo wa kriketi yao ni vijiji vya jirani na Port Vila: Mele, Ifira, Pango. Upande wa pili, Samoa mwaka 2025 wakamchukua Ross Taylor, miaka 41, mechi 112 za Test (zile za siku tano) akiwa na New Zealand, kwa kuwa mama yake ni Msamoa. Kanuni inamruhusu: pasipoti anayo, na miaka 3 ilishapita tangu aichezee New Zealand mara ya mwisho, Aprili 2022. Swali: chama chenye hela kiduchu kiziweke kijijini au kwa watoto wa ughaibuni? Mimi nasema kijijini. Karibuni.

Mrusha Polepole
Mnashangilia mechi moja. Baada ya hapo Ireland, Uholanzi na UAE waliwachapa wote kwa zamu. Zimbabwe kutoka kwa 66 ni siku mbaya tu kazini. Sababu iko wazi: aliyekulia kwenye mkeka juu ya zege haiwezi pichi (njia ya katikati ya uwanja mpira unaporushwa) ya udongo. Mkeka unalea mabingwa wa uani.

Bi Mkasi
61 kaka, siyo 66. Na siku mbaya haimpi mrushaji mmoja wiketi 4 kwa mikimbio 13, ndivyo alivyofanya Nasimana Navaika. Uganda nao walikuwa kwenye mchujo huohuo, kundi lile lingine, wakakosa tiketi kama Vanuatu. Mbona wao huwaiti mabingwa wa uani?

Mrusha Polepole
Dada, sijawataja Waganda popote. Nimetaja mkeka.

Fundi Roda
Haya, tuongelee mkeka basi, maana naona unasemwa na watu wasiojua unavyotandikwa. Pichi ni yadi 22, yaani mita 20.12 kutoka wiketi (vijiti anavyovilinda mpigaji) hadi wiketi. Zege humwagwa refu zaidi, kama mita 28 kwa upana wa mita 2.7, ili mrushaji atue juu yake na siyo kwenye ukingo. Unene sentimita 10, ndani wavu wa nondo. Unaliacha liiname kidogo sana upande mmoja maji yatoke, na uso unapigwa mwiko bila kung'arishwa, la sivyo mkeka unateleza. Juu unatandika nyasi bandia au mkeka wa makumbi ya nazi, unauvuta na watu wanne, unapiga vigingi kila nusu mita. Ukilegea hata kidogo unafanya mkunjo, na mpira ukigonga mkunjo unamrukia mpigaji usoni. Mkeka uliobana haukuonei. Unaokuonea ni uvivu wa kuuvuta asubuhi.

Sasa nitajie pichi ya udongo kwenye kisiwa cha matumbawe. Inataka udongo mfinyanzi mzito, na ufukweni Efate, kisiwa cha Port Vila, unachimba unakuta chokaa. Udongo uje kwa meli, upatikane roda mzito wa kushindilia, vifuniko vya mvua, na mtu wa kudumu wa kumwagilia na kuviringisha kwa siku 10 kabla ya kila mechi kubwa. Halafu kinakuja kimbunga Pam, Machi 2015. Au Judy na Kevin, vimbunga viwili wiki moja, Machi 2023. Zege unafagia matawi, kesho watoto wanacheza.

Mrusha Polepole
Na tetemeko? Desemba 17, 2024, kipimo cha 7.3, Port Vila hiyohiyo. Zege lako unalifagia pia? Au ndiyo unauza mikeka, tukae tukijua?

Fundi Roda
Nauza hoja, bei nafuu, lakini wewe huna mfuko. Zege la mchezo halimwagwi kipande kimoja. Unalikata kwa viungo, ufa ukija unakuja kwenye kiungo. Unajaza, unasaga uso, unarudisha mkeka. Pichi ya udongo ikipasuka unaanza na meli upya.

Bi Mkasi
Ila Mrusha ana hoja ndogo ambayo ameificha kwenye matusi. Mkekani mpira unapanda juu na unapanda vilevile kila siku. Mpigaji anazoea kurudi nyuma na kukata kuelekea pembeni. Akifika kwenye udongo uliochoka, mpira ule ule unabaki chini, unamgonga mguuni mbele ya wiketi, kwaheri. Dawa yake haihitaji meli: kocha anarusha kutoka nusu ya umbali, mpira wa chini chini, mpigaji amekatazwa kurudi nyuma. Robo saa kila zoezi.

Mrusha Polepole
Asante dada. Angalau kuna mmoja anayesoma kabla ya kujibu.

Kisiki cha Kati
Jamani, Taylor? Samoa? Swali langu lipo juu pale.

Mwana wa Makoa
Mleta mada, mgawanyo wako wenyewe una kasoro. Samoa wana kijiji kuwazidi Vanuatu. Kilikiti, kriketi ya jadi, ni ya nani? Gongo la pembe tatu, timu haina idadi maalumu, kijiji kizima kinaingia uwanjani na ngoma juu. Tatizo ni kwamba mtoto wa kilikiti ana mkono na jicho, lakini gongo la pande tatu linampeleka mpira popote, hivyo hajazoea uso bapa wala mchezo wa kujilinda. Kumgeuza ni kazi ya misimu, na kocha wa kukaa naye analipwa. Taylor anakuja na nauli, mnapata jina kwenye magazeti. Oktoba 2025 kule Oman, kwenye mchujo wa Kombe la Dunia la T20 la wanaume, jina halikutosha, tiketi zikaenda kwa Nepal, Oman na UAE.

Kisiki cha Kati
Ndicho ninachosema!

Mwana wa Makoa
Hapana, sicho. Agosti 20, 2024, Apia, Samoa dhidi ya hao hao Vanuatu wako wa kijijini, wanaume. Darius Visser alichukua mikimbio 39 kwenye ova moja (mirusho 6 halali). Kabla yake rekodi ilikuwa 36. Sita (mpira unaovuka mpaka bila kugusa chini) mara 6, na noboli (mrusho haramu, unarudiwa) 3. Samoa wakashinda kwa mikimbio 10 tu. Toa noboli 3 na mipira ya ziada iliyozaliwa nazo, halafu nipe hesabu yako ya kijijini.

Fundi Roda
Noboli hizo naweza kuzieleza bila kwenda Apia. Kwenye mikeka mingi ya mazoezi mstari wa mbele umefutika. Unatakiwa uwe futi 4 mbele ya wiketi, mita 1.22, na kisigino au sehemu yoyote ya mguu wa mbele ibaki nyuma yake. Mrushaji anafanya mazoezi mwaka mzima bila mstari na bila mwamuzi, siku ya mechi anaanza kuutafuta kwa macho. Halafu anakanyaga.

Mrusha Polepole
Kumbe sasa mkeka una kosa. Tumefika.

Fundi Roda
Mkeka hauna kosa. Rangi ndiyo haipo. Chokaa kwenye nyasi bandia haikai, mvua moja imeondoka.

Bi Mkasi
Kwa hiyo rangi gani? Ya mafuta inaugandisha mkeka, unakuwa mgumu kama ubao hapo hapo anapotua mguu, na anateleza.

Fundi Roda
Ya maji, ile ya ukuta wa nje, unaichapa kwa brashi kavu kwenye ncha za nyuzi tu, isizame. Unarudia kila Ijumaa. Kopo la lita 4 linavuka msimu.

Kisiki cha Kati
Nimeleta mada ya Ross Taylor, nimerudi nakuta duka la rangi.

Mrusha Polepole
Fundi, ncha tu bila kuzama, mvua ya kule itakuachia hadi Jumapili?