Kampuni ya usimamizi, shirika la wenye nyumba au chama cha wakazi: jengo letu Nyali liendeshwe na nani?

MkaziNyali
Habari zenu. Jengo letu hapa Nyali, Mombasa, lina nyumba za chumba kimoja hadi vitatu. Tulinunua kwa mikataba ya kukodi ya muda mrefu. Hati mama, yaani hati ya kiwanja kizima, iko kwa jina la kampuni ya usimamizi, na kila mwenye nyumba ana hisa moja. Wengine wanataka tubaki hivyo. Wengine wanataka tugeuze mikataba iwe hati za sehemu chini ya sheria ya Kenya ya umiliki wa sehemu za majengo ya 2020, jengo liendeshwe na shirika la wenye nyumba. Wapo pia wanaosema tusajili tu chama cha wakazi. Mkutano mkuu umekaribia, naomba mawazo.

Mhazini_Kileleshwa
Chama cha wakazi kinafaa kwa ulinzi, taka na kuzungumza na kaunti. Lakini hakimiliki ngazi, paa wala lifti. Mtu akigoma kulipa, chama hakina pa kumshikia. Hilo liwekeni kando.

WakiliWaMtaa
Ndugu MkaziNyali, ubishi wa kweli ni kampuni au shirika. Shirika huzaliwa ramani ya sehemu (inayoonyesha kila nyumba ndani ya jengo) inaposajiliwa, na kila mwenye nyumba ni mwanachama papo hapo. Akiuza, uanachama unamfuata mnunuzi. Kwenye kampuni hisa lazima ihamishwe kivyake, na wengi husahau. Ndiyo maana daftari la wanahisa hujaa marehemu na watu waliohamia ng'ambo, na akidi ya mkutano haitimii.

Hatari kubwa zaidi: kampuni isiyowasilisha taarifa zake za kila mwaka yaweza kufutwa na msajili wa kampuni, na mali ya kampuni iliyofutwa huangukia Serikali mpaka irejeshwe. Kwenu mali hiyo ni kiwanja mnachokalia.

Sheria hiyo ya sehemu za majengo ilianza tarehe 28 Desemba 2020 na ilitoa miaka miwili ya kugeuza mikataba ya zamani. Muda umepita na majengo mengi bado hayajageuzwa. Kigezo kimoja cha kuangalia mapema: kama kiwanja ni cha kukodi, miaka iliyobaki isipungue 21. Na developa (aliyejenga na kuwauzia) akikatalia hati mama, msajili wa ardhi anaweza kuendelea bila hati hiyo baada ya kumpa ilani.

BintiMrima
Wakili umesema kweli, lakini hujagusa kinachowauma wenye nyumba ndogo. Chini ya shirika kila nyumba hupewa fungu lake kwenye ramani, yaani kiwango cha sehemu yake katika jengo zima. Fungu hilo ndilo linaloamua mchango wako wa gharama za jengo, na ndilo linaloamua uzito wa kura yako. Leo mwenye chumba kimoja ana hisa moja sawa na mwenye vyumba vitatu. Baada ya kugeuza atalipa kidogo, ila sauti yake itapungua pia. Binafsi naona ni haki, kwa sababu anayebeba gharama kubwa ya paa awe na neno kubwa. Lakini watu waambiwe kabla ya kutia sahihi, maana ramani ikishasajiliwa kuibadili ni kazi nzito.

Msasani_Dar
Wakuu, huku Tanzania tuna sheria ya 2008: unapata hati ya sehemu ya jengo na wamiliki wanaunda chama chao kisheria. Hati ya mtu mwenyewe ni raha, benki inaielewa. Ila hati haikusanyi ada. Bila kanuni za ndani zilizoandikwa vizuri (riba ya deni, nani anatengeneza bomba lililo kati ya nyumba mbili, mpangaji wa siku mbili tatu) mtagombana vilevile.

Mhazini_Kileleshwa
Naongeza hapo kwa Msasani. Msikate maji kwa sababu ya deni. Kifungu cha 43 cha Katiba ya Kenya kinataja haki ya maji safi, na mwenye deni atawapeleka mahakamani yeye akiwa mlalamikaji. Shirika linaweza kudai mchango kama deni na kutoza riba. Pia sheria ya 2020 imeweka kamati ya ndani ya kusuluhisha migogoro, itumieni kwanza.

MkaziNyali
Ahsanteni sana. Nitaomba upekuzi wa hati mama kwenye ofisi ya ardhi tujue kama ina rehani ya benki. BintiMrima, nitadai rasimu ya ramani ya mpima, yenye fungu la kila nyumba, ibandikwe ubaoni wiki mbili kabla ya kura. Bila hiyo nitapinga kura isipigwe.