Safari ya Krismasi Kilimanjaro inaninyima usingizi. Nifanyeje?

Mkazi wa Tabata
Ndugu zangu, mimi ni mzaliwa wa Rombo, ninaishi Dar es Salaam na familia yangu, na kila Desemba huwa tunakwenda nyumbani kula sikukuu kama ilivyo desturi ya Wachaga wengi. Mwaka huu biashara imeyumba. Tangu kaka yangu mkubwa atangaze kwenye kundi la ukoo mchango wa ndafu, yaani mbuzi mzima wa kuchoma, na wa ukarabati wa nyumba ya mama, nimekuwa nikishtuka saa tisa usiku, moyo ukinienda mbio, nikipiga hesabu za nauli, zawadi za wazee na ada ya Januari. Mchana ninawakaripia watoto bila sababu. Nisipokwenda, mama ataumia na watu watasema maisha yamenishinda. Nikienda, nitarudi na madeni. Naombeni ushauri.

Binti wa Marangu
Pole sana, kaka. Naona kinachokutesa kuliko hata fedha ni kulibeba jambo hili peke yako. Mpigie kaka yako simu badala ya kuandika kwenye kundi, kwa kuwa huko kila mtu huahidi ili asionekane mnyonge, na umtajie kiasi unachokiweza kabla ndafu haijanunuliwa. Kuhusu safari, siku chache kabla ya tarehe 25 nafasi za mabasi huadimika, na wapo wanaouza tiketi juu ya nauli elekezi ya LATRA, mamlaka ya usafiri wa ardhini. Kwenda Pasaka si aibu.

Muuguzi
Kushtuka usiku, moyo kwenda mbio na hasira za ghafla ni dalili za msongo wa mawazo, na mara nyingi hupungua mzigo unapogawanywa. Hata hivyo, ukiona huzuni au kukosa raha ya jambo lolote kunaendelea karibu kila siku kwa wiki 2 au zaidi, nenda kituo cha afya kilicho karibu nawe ueleze wazi, nao wakiona haja watakupa rufaa; Hospitali ya Muhimbili ina wataalamu wa afya ya akili. Usitafute usingizi kwenye pombe, maana hukulaza upesi kisha ikakuamsha usiku wa manane. Na mawazo ya kutaka kufa yakikujia, mwambie mkeo na mwende hospitali siku hiyo hiyo, sikukuu au si sikukuu.

Mzee wa Machame
Mwanangu, wanangu nao wako huko Dar, kwa hiyo nasema kama mzazi. Kosa ni letu sisi wazee tunaompima mtoto kwa mizigo anayoshusha kwenye gari, na ninatamani tuliache. Mama yako mweleze wewe mwenyewe, asije akasikia kwa majirani. Ikiwa kuna kinyongo kati yako na kaka yako, mpelekee isale, jani letu Wachaga la kuombea msamaha, utakapofika, iwe Desemba au Pasaka, kwani mwenye kuletewa isale hana budi kusikiliza. Usikope kwa ajili ya ndafu.