Maporomoko ya Sanje kwa basi la kawaida: tushukie wapi?

begi_mgongoni: Wakuu, habari za humu. Tuko wawili, tunatokea Dar, hatuna gari na bei za mawakala zimetushinda. Tunataka kupanda maporomoko ya Sanje, Hifadhi ya Milima ya Udzungwa. Mpango ni kuondoka Jumamosi alfajiri, tushukie kijiji cha Sanje maana kwenye ramani kiko barabarani kabla ya Mang'ula, tupande hapo hapo, Jumapili turudi. Kuna tatizo? Na tiketi tukate ya wapi?

mtu_wa_kilombero: Tatizo lipo, tena mawili.

La kwanza, msishukie Sanje. Njia ya kupanda inaanzia pale kweli, lakini malipo na mwongozaji vinapatikana makao makuu ya hifadhi, Mang'ula, kama kilomita 10 mbele. Ukishuka Sanje bila kibali utarudishwa, na utakuwa umelipa boda ya kwenda na kurudi bure. Mwambieni konda "Mang'ula, getini hifadhini". Ukisema "Udzungwa" tu anaweza asikuelewe, kwa sababu milima hiyo inafika mpaka upande wa Iringa.

La pili ni muda. Dar hadi Mang'ula ni zaidi ya kilomita 350, basi linakula siku nzima. Mkifika alasiri hamtapandishwa, kwa kuwa mzunguko wa Sanje unachukua kama saa nne na msituni giza linaingia mapema. Ondokeni Ijumaa. Jumamosi saa 1 asubuhi muwe getini, saa 8 mchana mmeshashuka. Jumapili ni ya safari tu.

konda_mstaafu: Kuhusu usafiri, njia ziko tatu.

Basi la moja kwa moja la Dar–Ifakara kutoka stendi ya Magufuli, Mbezi Luis, ndilo lisilo na usumbufu. Kateni ya asubuhi kabisa.

Ya pili ni treni ya SGR hadi Morogoro halafu basi la Ifakara kutoka stendi ya Msamvu. Treni ni kama saa mbili, daraja la kawaida ni 13,000 kwa nauli iliyotangazwa 2024 ilipoanza. Ila stesheni ya SGR iko Kihonda, si Msamvu, kwa hiyo wekeni hela na muda wa bajaji au daladala katikati. Anayeshuka treni ya saa 5 akidhani atavuka barabara apande basi hukuta magari ya asubuhi yameshaondoka.

Ya tatu ni kudandia basi la Iringa au Mbeya na kushuka Mikumi mjini, penye njia panda ya Kilombero, kisha kupanda Coaster (basi dogo) ya Kidatu–Ifakara. Hapa ndipo watu wanapopigwa: makonda wengi hudai nauli ya Iringa nzima hata kama unashuka Mikumi. Patana kabla begi halijaingia kwenye buti. Na ni Mikumi mjini, si geti la hifadhi ya Mikumi. Ukishuka getini uko katikati ya mbuga, na huko hakuna Coaster ya kukuokota.

TAZARA nayo ina stesheni Mang'ula, lakini treni ni za siku chache kwa wiki na kuchelewa ni kawaida yake. Kwa wikiendi, sahauni.

begi_mgongoni: Asanteni sana. Getini wanapokea keshi? Na boda ya Mang'ula–Sanje tunampangaje?

mtu_wa_kilombero: Malipo ya TANAPA, shirika linalosimamia hifadhi, hayaendi kwa keshi. Unapewa kontroli namba unalipa kwa simu au benki, kwa hiyo salio liwe kwenye simu kabla hamjatoka nyumbani, pamoja na makato. Bebeni kitambulisho cha NIDA kila mmoja, la sivyo mnaweza kutozwa kama wageni wa nje ya nchi, na tofauti ni kubwa mno.

Boda: mwongozaji naye anahitaji usafiri hadi Sanje, hili halimo kwenye hesabu za wengi. Pikipiki ziwatoshe watu watatu, na mpatane bei ya kwenda na kurudi pamoja na saa ya kufuatwa. Lipeni nusu asubuhi, nusu mkishuka.

dada_wa_milimani: Naongezea la viatu. Maporomoko yote ni mita 170 kwa hatua tatu, na njia inapanda ndani ya msitu wenye mizizi na mawe yenye ukungu. Raba za soli laini zinateleza hata kiangazi. Kuanzia Machi hadi Mei usithubutu. Juni na Julai ndiyo bora, maji bado mengi na njia imeanza kukauka. Oktoba maji yanapungua sana.

Maji ya kunywa lita 2 kila mtu, na chakula mnunue Mang'ula usiku wa kuamkia, huko juu hakuna duka. Kuoga ni kwenye vidimbwi anavyoonyesha mwongozaji tu. Mkipita kimya mnaweza kuona mbega wekundu, na ngolaga wa Sanje, aina ya nyani ambaye hapatikani popote nje ya milima hiyo.

Kama hela ikibana kabisa, ulizeni njia fupi ya Prince Bernhard: inaanzia makao makuu hapo hapo, hakuna boda. Ni kaporomoko kadogo tu, msikatarajie kama Sanje.